Walter Williams: Mkuu wa Shule Asiyekuwa na Digrii

Ukisoma uandishi wa habari katika chuo kikuu cha umma, kuna swali moja halikuachi. Mjomba atakuuliza msibani, dereva wa bodaboda atakuuliza barabarani, na wenzako wa sheria na uhandisi watakuuliza pale kwenye vimbweta: hivi kweli mtu anakaa darasani miaka mitatu kujifunza kuandika habari? Mbona fulani hakusoma na anatangaza vizuri tu? Mwaka jana nilipokwenda fildi kwenye kituo kimoja cha redio, mhariri wa zamu alinishauri siku ya kwanza kabisa niyaache chuoni yale yote niliyofundishwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anasema anachokiamini, na wengi kazini wanaamini hivyohivyo.

Sasa mimi sina jibu fupi la swali hilo. Nina maisha ya mtu mmoja tu, ambaye jina lake sisi tunaosoma fani hii tunapitia juujuu kwenye noti za mwaka wa kwanza, tunalikariri kwa ajili ya mtihani, kisha tunalisahau. Anaitwa Walter Williams. Ndiye aliyeanzisha shule ya kwanza duniani ya uandishi wa habari ndani ya chuo kikuu. Na yeye mwenyewe, jamani, hakuwahi kusoma chuo hata siku moja.

Kijana wa kiwandani

Williams alizaliwa Julai 2, 1864 katika mji mdogo wa Boonville, jimbo la Missouri, katikati ya Marekani. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilikuwa bado haijaisha. Missouri lilikuwa jimbo la watumwa, lakini halikujitenga na serikali kuu, kwa hiyo ndani ya mji mmoja ungekuta jirani na jirani wanapigania pande mbili. Mtoto aliyezaliwa mahali kama pale alikulia kwenye makovu ya vita.

Alimaliza sekondari pale Boonville, na masomo ya darasani yakaishia hapo. Wazazi wake walifariki angali kijana, akawa hana wa kumlipia ada hata kama angetaka kuendelea. Akaingia kwenye kiwanda cha chapa cha gazeti la mji. Kazi yake ilikuwa ile ya mtoto wa kutumwatumwa: kufagia, kubeba karatasi, kuosha wino, kuzirudisha herufi za risasi kwenye visanduku vyake, moja baada ya nyingine. Wakati ule kila herufi ya gazeti ilipangwa kwa mkono. Ukikosea kupanga, kesho yake mji mzima unakucheka.

Kwa hiyo kabla hajaandika habari, alijifunza kuzisoma kwa vidole. Wanaosema kazi hii inajifunzwa kazini wana shahidi wao mkubwa hapa, na ni yeye huyuhuyu aliyekuja kujenga shule. Polepole akapanda kutoka kupanga herufi hadi kuandika, na kutoka kuandika hadi kuhariri gazeti lingine la hapohapo Boonville. Akiwa bado kijana kabisa, wahariri wa jimbo zima walimchagua awe rais wa chama chao.

Mhariri wa mji mdogo

Karibu na mwaka 1890 aliitwa katika mji wa Columbia na mwenye gazeti aliyeitwa E. W. Stephens, akapewa uhariri wa gazeti la kila wiki. Hapa niseme jambo, maana nimeona hata wenzangu wakichanganya kwenye mitihani. Columbia hii ni mji wa Missouri, ndipo kilipo chuo kikuu cha umma cha jimbo hilo, kilichoanzishwa mwaka 1839. Sio Chuo Kikuu cha Columbia cha New York, ambacho ni cha binafsi na ndicho kinachotoa tuzo za Pulitzer. Hicho nacho kina shule ya uandishi, lakini ilifunguliwa mwaka 1912, miaka minne baada ya ile ya Missouri.

Katika mji ule wa chuo Williams aliishi na kitu ambacho hakukipata. Kila asubuhi aliwaona vijana wenye umri aliokuwa nao yeye alipokuwa akiosha wino, wanapita na vitabu kwapani. Wengine wangeingia kwenye donge, wakanuna, wakawaponda wasomi kwenye safu zao za kila wiki. Yeye alifanya kinyume. Akakipigania chuo kwenye gazeti lake, na mwaka 1898 akateuliwa kuwa mjumbe wa bodi inayokisimamia. Basi kijana wa kiwandani akawa miongoni mwa watu wanaoamua maprofesa walipwe nini na majengo yajengwe wapi.

Kabla ya maonyesho makubwa ya dunia ya St. Louis ya mwaka 1904, alipewa kazi ya kuyatangaza nje ya nchi. Akazunguka nchi nyingi, na kila alipofika alikwenda kwenye ofisi za magazeti. Huko aliona kitu ambacho hata sisi tunakiona: wenye bidii wapo kila mahali, lakini kila mmoja anajifundisha mwenyewe kwa kubahatisha, na anayeumia ni msomaji. Daktari akijifunza kwa kubahatisha tunampeleka mahakamani. Mwandishi akijifunza kwa kubahatisha tunamwita mzoefu.

Septemba 14, 1908

Wazo la kufundisha uandishi chuoni halikuwa lake peke yake. Wahariri wa Missouri walikuwa wamelijadili kwa miaka mingi kwenye mikutano ya chama chao, na wengi wao walilicheka. Maprofesa nao walilikunjia pua. Wahariri walisema uandishi haufundishiki, na maprofesa walisema uandishi si elimu, ni ufundi tu kama useremala. Williams alikaa katikati akibishana na pande zote mbili. Kwa wahariri alikuwa mwenzao, kwa hiyo hawakuweza kumwambia hajui kazi. Kwa chuo alikuwa mjumbe wa bodi, kwa hiyo hawakuweza kumfungia mlango.

Bodi ilipokubali, mkuu wa shule mpya akawa yeye. Fikiria hapo kidogo. Mtu asiye na digrii anateuliwa kuwa mkuu wa shule itakayotoa digrii. Za heshima alipewa baadaye, lakini ya kuisotea, kuibukulia usiku na kuogopa kusapu, hakuwa nayo.

Shule ilifunguliwa Jumatatu, Septemba 14, 1908. Na siku hiyohiyo ya kwanza, wanafunzi ambao hawajamaliza hata kujuana majina walitoa toleo la kwanza la gazeti, University Missourian. Halikuwa gazeti la chuo la kutangaza mahafali na mechi za bweni kwa bweni. Lilikuwa gazeti la mji. Liliandika baraza la mji, mahakama, bei za mazao, moto na vifo, na lilishindana sokoni na magazeti mengine ya Columbia. Mwanafunzi alipewa eneo lake la kuripoti, alitoka asubuhi, alirudi na habari, na mhariri aliyeikata kwa kalamu alikuwa mwalimu wake. Ukikosea jina la mtu, huyo mtu anakuja mlangoni kesho yake. Hakuna mtihani mgumu kuliko huo.

Walimu wa mwanzo walitoka chumba cha habari. Frank Martin alikuwa mwandishi wa gazeti la Kansas City. Charles Ross alitoka St. Louis, na baadaye alirudi kwenye magazeti, akapata tuzo ya Pulitzer mwaka 1932, kisha akawa msemaji wa Rais Truman. Mwaka 1910 Mary Paxton alikuwa mwanamke wa kwanza kuhitimu shule ile, wakati ambapo magazeti mengi yaliona mwanamke afai isipokuwa kwa habari za mapishi na harusi.

Fitina nazo hazikukosekana. Wenye magazeti binafsi walilalamika kwamba fedha za umma zinatumika kuanzisha gazeti la kuwanyang'anya matangazo. Lalamiko hilo halikuwa la kijinga, na wanasiasa walilisikiliza. Mwishowe gazeti likawekwa chini ya chama kilichojitegemea nje ya chuo, likawa linajilipia lenyewe. Kumbe ule ugumu ukageuka kinga: gazeti lisilokula kwenye bajeti ya serikali ni vigumu zaidi kulinyamazisha. Vyombo vya wanafunzi vinavyosubiri sahihi ya ofisi fulani ndipo vichapishwe wangelielewa somo hilo haraka.

Imani aliyoiandika

Miaka michache baadaye Williams aliandika waraka mfupi wa maadili, ambao unaitwa Imani ya Mwandishi wa Habari. Umetafsiriwa kwa lugha nyingi, na bamba lake la shaba limetundikwa kwenye klabu ya waandishi jijini Washington. Sitaunukuu. Nitasema tu yaliyomo, kwa maneno yangu.

Anaanza kwa kusema kwamba uandishi ni taaluma, na kwamba gazeti ni amana ya umma, sio mali ya mwenye mtambo. Anataka mwandishi aandike lile tu ambalo moyoni mwake anaamini ni kweli, na asiandike lile ambalo angeona haya kulisema uso kwa uso. Anasema kuificha habari kwa sababu nyingine yoyote isipokuwa maslahi ya jamii ni jambo lisilo na utetezi. Kuhusu rushwa ana neno ambalo mimi lilinikamata. Hakuishia kwenye rushwa ya mfuko wa mtu mwingine. Alisema mwandishi ajihadhari vilevile na rushwa ya mfuko wake mwenyewe.

Sisi tunazungumza sana kuhusu bahasha, mshiko, nauli ya mwandishi, vyovyote unavyopenda kuiita. Hiyo ni rushwa inayotoka mfukoni mwa mwingine. Lakini kuna ile nyingine isiyotolewa na mtu: unaacha habari ya maji machafu kwa sababu haina wasomaji mtandaoni, unaandika ya msanii aliyeachana na mpenzi kwa sababu ndiyo inayolipa. Hakuna aliyekuhonga hapo. Umejihonga mwenyewe. Miaka zaidi ya 100 iliyopita, mhariri wa mji mdogo alikwishaliona hilo.

Mwishoni mwa waraka ule kuna jambo jingine. Anasema uandishi bora humtakia kila mtu nafasi, tena nafasi iliyo sawa, kadiri sheria na undugu wa binadamu vinavyoruhusu. Kumbukeni neno hilo, sheria, maana nitalirudia.

Dunia nzima, na daraja moja

Kutoka hapo jina lake likasambaa. Mwaka 1915, waandishi kutoka nchi mbalimbali walipokutana San Francisco na kuunda umoja wao wa dunia, walimchagua kuwa rais, na mwaka 1921 aliongoza mkutano wao kule Honolulu. Alikwenda Asia mara kadhaa. Wanafunzi kutoka China na Japani wakaja Missouri, na wahitimu wa Missouri wakajaa kwenye vyumba vya habari vya Shanghai na Tokyo. Hadi leo pale kwenye lango la shule kuna simba wawili wa mawe, zawadi kutoka China ya mwaka 1931. Mkewe wa kwanza, Hulda, alifariki mwaka 1918. Mwaka 1927 alimwoa Sara Lockwood, mwandishi na mwalimu katika shule ileile, miongoni mwa wanawake wa kwanza Marekani kufundisha uandishi chuoni.

Lakini ukitaka kuujua mti usitazame matunda ya kileleni peke yake. Usiku wa kuamkia Aprili 29, 1923, katika mji huohuo wa Columbia, kundi la watu lilivunja jela, likamtoa mtu mweusi aliyeitwa James T. Scott, mfanyakazi wa usafi wa chuo, askari mstaafu wa vita kuu ya kwanza. Alituhumiwa kumshambulia binti wa profesa. Alikana, na kesi yake haikuwahi kusikilizwa. Baba wa binti mwenyewe aliwasihi watu waiachie sheria ifanye kazi yake. Hawakumsikiliza. Wakamnyonga Scott kwenye daraja la barabara ya Stewart, mbele ya umati, na ndani ya umati ule walikuwamo wanafunzi.

Mwanafunzi mmoja alikuwa pale kwa kazi. Charles Nutter alisomea uandishi na aliripotia gazeti la shule. Aliona, akaandika, na kesi ya mmoja wa viongozi wa kundi ilipofika mahakamani alisimama kizimbani akamtaja. Baraza la mahakama likamwachia mtuhumiwa huru. Nutter hakushinda. Lakini tunajua kilichotokea usiku ule kwa sababu yupo kijana aliyefundishwa kwamba kazi yake ni kutazama mambo wakati wengine wanageuza uso.

Nikiulizwa sasa shule ya uandishi inafundisha nini, naanzia hapo. Kuandika sentensi nzuri unaweza kujifunza nyumbani. Kusimama mahakamani dhidi ya majirani zako, hilo linahitaji mtu awe amekuambia kabla kwamba ni wajibu wako.

Mlango aliouacha umefungwa

Mwaka 1931 Williams alifanywa rais wa chuo kikuu kizima, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, wakati fedha za serikali zimekauka. Alikiongoza hadi mwaka 1935, afya ilipomshinda. Alifariki Julai 29 mwaka huo, akiwa na miaka 71.

Miaka minne baadaye, Januari 1939, mhariri mmoja kijana alifika Columbia kujiandikisha kwa masomo ya uzamili katika shule ile. Aliitwa Lucile Bluford. Alikuwa na digrii ya uandishi kutoka Chuo Kikuu cha Kansas, alifanya kazi kwenye gazeti la Call la Kansas City, na kwa barua chuo kilikuwa kimekwisha kumkubali. Walipomwona ni mweusi, wakamrudisha. Alijaribu mara 11. Akaenda mahakamani. Mwaka 1941 mahakama kuu ya jimbo ikatambua haki yake, na chuo kikaifunga programu ya uzamili ya uandishi badala ya kumpokea, kwa maelezo kwamba vita vimepunguza walimu na wanafunzi. Wanafunzi weusi wa kwanza waliingia chuoni pale mwaka 1950.

Sasa ziweke hizo habari mbili pamoja. Williams hakuwa na digrii akapewa shule nzima. Bluford alikuwa na digrii na uzoefu akanyimwa hata dawati. Lile neno la Williams kuhusu nafasi sawa kadiri sheria inavyoruhusu lilikuwa na tundu, na kupitia tundu hilo watu walitolewa nje. Sheria ya Missouri haikuruhusu, na yeye, aliyewabishia wahariri na maprofesa miaka yote ile, alikufa akiuacha mlango huo kama alivyoukuta. Bluford hakuacha uandishi. Aliendelea na gazeti lake kwa miongo mingi, na mwaka 1989 chuo kilekile kilimpa shahada ya heshima ya udaktari.

Kwa nini hili linatuhusu

Kwetu Tanzania, Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 na kanuni zake zinataka mwandishi awe na angalau stashahada ndipo apate ithibati. Sababu yake inaeleweka, makanjanja wametuchosha. Lakini kwa kipimo hicho Walter Williams asingepata kitambulisho, na yule aliyesimamia usiku wa Boonville kupanga herufi angeambiwa akasome kwanza.

Nasema hivi na mimi ni mwanafunzi ninayeitafuta karatasi hiyohiyo kwa jasho, tena kwa bumu la kuhesabu. Siitaki sheria ifutwe. Ninachokiona kwenye maisha ya mzee huyu ni kwamba hakuijenga shule ili iwe geti la kuwazuia wengine. Aliijenga kwa sababu alijua kwa mwili wake gharama ya kujifunza bila mwalimu, akataka wanaokuja nyuma wasiilipe. Pale shule ile ilipogeuka geti, ilimkosa Bluford, na hasara ilikuwa ya shule.

Wahadhiri wetu wengi wana digrii tatu. Wengine wamekaa chumba cha habari, wengine hawajawahi. Nje ya geti la chuo kuna waandishi wa mikoani waliosomea kazini, wanaojua kila diwani na kila mgogoro wa ardhi, ambao hawajawahi kualikwa kutufundisha hata saa moja. Umoja wetu wa wanafunzi unaweza kuwaalika. Haihitaji bajeti kubwa, ni nauli na chakula cha mchana. Tuanze na mmoja muhula huu, tumkalishe mbele yetu, na tumuulize alijifunzaje kazi.